Karani Aliyetumwa Kuwauzia Ndugu Zake



Msimu mmoja wa ufuta alifika hapa Chumbi kijana tuliyemlea wenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa keshia wa benki mjini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu fedha za watu na kufunga hesabu jioni bila kupungukiwa hata senti. Safari hiyo hakuja kusalimia. Alikuja na fomu za mikopo, akazipitisha kwa shangazi yake, kwa mama yake mdogo, hata kwa mwenyekiti wa jumuiya. Waliotia sahihi walifanya hivyo kwa kumwonea huruma. Ufuta haukuzaa vema mwaka ule, lakini tarehe ya marejesho haikungoja, na mlango wa shangazi ukafungwa.

Baadaye tulielezwa kisa chake. Alipewa barua ya mistari minne: kuanzia Jumatatu yeye ni ofisa mauzo, na kila mwezi ana idadi ya mikopo anayopaswa kuileta. Hakuulizwa wala hakufundishwa.

Waajiri wanayo hoja, nasi hatuikatai. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, na mawakala wa benki walipofuata, foleni za dirishani zimepungua. Wala hatuudharau uuzaji. Mama muuza vitumbua wa stendi ya Ikwiriri anakula kwa jasho halali. Tunachokilaani ni hila. Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997, wazee wetu walijua kupunguzwa kazi kwa jina lake. Leo mtu hupunguzwa kwa kupewa lengo asiloweza kulifikia, kisha huambiwa ameshindwa kazi. Gharama ya kumfukuza hubebwa na yeye mwenyewe, na gharama ya lengo hubebwa na ukoo wake. Mwajiri amenunua mkataba wa keshia. Undugu wa keshia hakuununua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko kimya. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadili maelezo ya kazi yake, kisha amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 38 kinataka wanaopunguzwa wapewe taarifa, waelezwe sababu na washirikishwe. Kifungu cha 42 kinampa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, usiozidi miaka kumi. Lakini humo humo mna mtego: anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi hukosa malipo hayo. Kwa hiyo asikatae kwa mdomo na kwa hasira. Aandike sababu zake, abaki na nakala.

Viongozi wa jumuiya, mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kuonyeshwa barua ya namna hiyo. Msimwambie mtu avumilie tu kwa kuwa kazi ni adimu. Mwulizeni: je, ulishirikishwa? Mshahara wa msingi umebaki ulipokuwa? Utafundishwa kwa muda gani kabla ya kupimwa? Kama yupo kwenye chama cha wafanyakazi, apeleke barua huko kabla ya kutia sahihi. Na fomu ya mkopo ikiletwa na mtoto wenu, isomeni kama ingeletwa na mgeni. Kumhurumia si sababu ya kukopa.

Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana wetu aliachishwa mwezi wa nne wa mauzo yake. Kwa aibu ya shangazi hakurudi Chumbi upesi kutafuta ushauri. Alipotufikia ilikuwa siku ya 41, ikabidi kwanza aiombe Tume impokee akiwa amechelewa.