Kadi za Msamiati: Tuchapishe Kwanza, Tukate Baadaye

Wanachama wenzangu, naunga mkono chama chetu kichapishe kadi za msamiati. Lakini ati tununue kadi ndogo ndogo tuzitie kwenye printa ya leza? Hapo nakataa katakata! Ndani ya printa karatasi husukumwa na rola. Kadi ikiwa fupi mno, rola moja huiachilia kabla nyingine haijaidaka, nayo hukwama papo hapo. Je, printa ikiharibika, mitihani ya shule nzima itachapishwa wapi? Heri tutumie manila nyepesi ya A4, kisha tuikate vipande 8 vya A7, yaani milimita 74 kwa 105. Makasi si tunayo? Wahenga hawakukosea waliponena: tahadhari kabla ya hatari.