Macho Yaliyoinama Si Ushahidi
Mcheza poka wa Marekani, Mike Caro, alichapisha kitabu mwaka 1984 akieleza kwamba mpinzani anayejitutumua mara nyingi ana karata hafifu, na anayejitia unyonge ameficha karata kali. Mezani, ukikosea kumsoma mwenzako, unapoteza fedha tu. Darasani je? Niliwahi kumtuhumu mwanafunzi kwa udanganyifu wa mtihani kwa kuwa aliinamisha macho. Kumbe alikuwa akinistahi, kama alivyofunzwa nyumbani. Watafiti Bond na DePaulo walionyesha mwaka 2006 kwamba binadamu hupambanua ukweli na uongo mara 54 tu katika 100, karibu sawa na kurusha sarafu. Walimu wenzangu, tutafute ushahidi kabla ya kuhukumu. Mtoto si karata.