Padre ni Raia, Bali Kura na Ngoma ni Mali ya Watu

Siku hizi, katika vijiwe na magulio ya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wanachama hawaachi kuulizana: je, padre ana haki gani ya kusema siasa? Swali hili si dogo, na halifai kujibiwa kwa hasira. Nasi twatoa maoni yetu.

Kwanza tutende haki. Kanisa Katoliki liliunda eneo lake la Maswa mwaka 1950. Likawa jimbo kamili mwaka 1953, na mwaka 1956 likapewa jina la Shinyanga. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifanya kazi huku miaka mingi. Wengi katika sisi tumejifunza kusoma katika shule za misheni, na wagonjwa wetu wametibiwa kwao. Asiyeshukuru kwa hayo hana adabu.

Lakini shukrani si utumwa. Misheni zile zile zilifundisha wengi kuona haya kwa ngoma zao na majina ya babu zao, kana kwamba Mungu hajui Kisukuma. Baadaye baadhi ya mapadre wenyewe waliona kosa hilo. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alisimamisha nyumba ya makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, karibu na Mwanza, na ngoma za Bagika na Bagalu zikaingia katika sikukuu ya Bulabo. Padre Donald Sybertz alikusanya methali za Kisukuma miaka mingi. Twawasifu. Hata hivyo yatupasa kujiuliza: kwa nini mgeni ndiye aliyeona thamani ya vigoda na ngoma za watemi wetu, na sisi wenyewe tukaviacha viliwe na mchwa? Mila isiyotunzwa na wenyewe haiwezi kulalamika ikitunzwa na mwingine.

Sasa tuje kwenye siasa. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku TANU katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hata 1958. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki safi, alitakiwa kuchagua kati ya kufundisha Pugu na siasa. Akachagua siasa, wala hakuacha kusali. Mwaka 1970, huko New York, aliwaambia Masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, litakuwa halina maana kwa binadamu. Basi aliyewataka watu wa dini waseme juu ya unyonge wa wananchi ni mwasisi wetu mwenyewe.

Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai. Baadhi yetu wakapiga kelele: warudi altareni! Lakini hao hao, zikifika sikukuu za taifa, humwita padre aombee mkutano na kumweka kiti cha mbele. Akitusifu ni baba wa kiroho. Akitukosoa ni mchochezi. Huo si msimamo, ni unafiki. Na tarehe 30 Aprili 2025 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, alipigwa na kuumizwa Dar es Salaam. Hoja hujibiwa kwa hoja. Anayejibu kwa rungu amekwisha kushindwa.

Kwa upande wa pili, padre naye ana mpaka wake. Katiba, ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa dini nje ya mamlaka ya nchi. Na sheria hairuhusu chama cha siasa cha dini. Padre aseme juu ya rushwa, ardhi, bei ya pamba, na mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Asitumie mimbari kumtajia muumini jina la kumpigia kura, wala asimnyime huduma kwa sababu ya kadi yake. Sheria hiyo hiyo iwe juu ya shehe, mchungaji na mganga.

Ndugu wanachama, tufanye mambo matatu. Padre akisema kweli, tumsikilize hata kama inauma. Akikosea, tumjibu hadharani kwa heshima. Na kila tawi liwaite wazee, liandike historia ya watemi, nyimbo na ngoma za mahali pake kabla wazee hawajatutoka. Taifa lisilojijua litatawaliwa na kila anayelisomea.