Kilio cha Mtoto wa Kihonda: Nani Atalipa?



Kila alfajiri, baada ya sala ya Subhi, njia za Kihonda pale Morogoro hujaa akina mama. Wako waendao viwandani, wako waendao stendi ya Msamvu kuuza chai na maandazi, na wako waendao sokoni kungojea ndizi na mboga zinazoshushwa kutoka milima ya Uluguru. Wengi wamebeba mtoto mgongoni, na kabla hawajafika kazini itawabidi wamwache mahali. Mahali gani? Kwa jirani mwenye watoto wengine chungu nzima. Kwa bibi ambaye macho yake hayaoni vyema. Au kwa dada yake wa miaka 9, ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Mwenye fedha humpeleka kituo cha kulipia. Asiye nazo husema, “Namwachia Mungu.” Lakini Mwenyezi Mungu hakutuamrisha tuwe wazembe kisha tumsingizie Yeye.

Basi ni nani mwenye wajibu wa kuwagharimia watoto hawa? Sisi twasema waziwazi: baada ya wazazi wao, ni serikali.

Natuhesabu pamoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Maneno mazuri. Lakini mama anayefanya kazi Kihonda na mtoto wake yuko Lukobe au Mkundi, saa hizo 2 atazinyonyeshea wapi? Na muuza maandazi hana hata hizo siku 84, kwani yeye hana mwajiri. Kwa upande wa pili, tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada kuanzia darasa la awali, na hilo twalishukuru. Ila darasa la awali humpokea mtoto akiwa na umri wa kama miaka 5. Kati ya siku ya 84 na mwaka wa 5 kuna miaka minne na zaidi. Katika miaka hiyo hakuna ruzuku inayomfuata mtoto kwenye kituo cha mchana kama ile inayomfuata mwanafunzi wa shule ya msingi. Hapo ndipo mzazi maskini ameachwa peke yake.

Si kwamba sheria hazikutungwa. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Desemba 2021 ikazinduliwa huko Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Karatasi tunazo. Lakini kukagua kituo ni jambo moja, na kukilipia ni jingine. Mkaguzi akija akafunga kituo cha bibi mmoja kwa sababu hakina choo wala uzio, watoto wale watakwenda wapi kesho yake asubuhi?

Tunawasikia ndugu zetu wengine wakisema: “Malezi ni kazi ya mama, akae nyumbani.” Jawabu yetu ni hii. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na papo hapo ikamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Ewe usemaye mama akae nyumbani, je, hicho chakula umekipeleka? Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinyonyeshwa na kulelewa na Bibi Halima katika kabila la Bani Saad, mbali na mama yake. Kumpa mtoto mlezi mwema si aibu katika dini yetu. Aibu ni kumtupa.

Wengine husema: “Serikali na mtoto mchanga wapi na wapi?” Hawa hawajasoma historia yao. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwapa watoto fungu kutoka Baitul-Mali baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara uliotua nje ya Madina, alisikia mtoto akilia, akamwendea mama yake mara kwa mara. Mwishowe yule mama, asiyemjua anayesema naye, akamwambia kuwa anamwachisha kwa nguvu, kwa kuwa Umar hatoi fungu ila kwa aliyekwisha achishwa. Umar alisalisha Subhi huku akilia, kisha akatangaza kuwa kila mtoto apate fungu lake tangu kuzaliwa. Hakumlaumu mama. Alijilaumu mwenyewe na akabadilisha kanuni. Huyo ndiye kiongozi.

Basi twataka nini? Twataka ruzuku ya kila mtoto katika vituo vya mchana, iandikwe katika bajeti kwa jina lake. Twataka halmashauri, ambazo sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zitenge pia fungu la vituo hivyo. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, wameziandikia kaunti wajibu wa elimu ya awali na malezi ya watoto. Hata zikizembea, mdaiwa anajulikana. Hapa kwetu mzazi hajui amdai nani.

Nasi Waislamu tusijitoe lawamani. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said alianzisha shule za awali ndani ya madrasa, mtoto akapata Kurani na hesabu chini ya paa moja, na mpango ule ukafika Zanzibar na Uganda. Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Waislamu tangu 2005, na madrasa nyingi hukaa tupu asubuhi nzima, milango imefungwa. Tunachanga kwa ajili ya mnara, na chini ya mnara mtoto analala juu ya gunia. Tufungue milango hiyo, kisha twende mikutano ya mtaa tuidai serikali sehemu yake tukiwa na hoja mkononi.

Mtoto wa Kihonda naye analia. Umar alisikia. Je, nyinyi mlio na mamlaka leo, mnasikia?

Wabillahi tawfiq.