Mzima Asubuhi, Mgonjwa Adhuhuri



Wiki hii tumeona tuandike juu ya chombo ambacho pengine hakijawahi kutajwa katika ukurasa huu: mashine ya kukatia nyasi, ile inayopandwa na kuendeshwa kama trekta ndogo. Sababu ni kijana mmoja wa mtaani kwetu apataye riziki yake kwa mashine hiyo, akikata nyasi katika majumba ya ufuoni na viwanja vya shule. Mamake aliuza bangili zake ili inunuliwe. Mwezi uliopita kijana alitujia ameinamisha kichwa. Asubuhi mashine huenda vyema, lakini baada ya nusu saa hushindwa kupanda hata mwinuko mdogo. Fundi amemwambia giaboksi imekufa, na bei ya mpya inakaribia ile waliyonunulia mashine nzima.

Tulimsihi asitoe hata shilingi kabla ya kutafuta rai ya pili. Tukaenda naye kwa mzee mmoja aliyetumia umri wake akitengeneza mashine za viwanja vya gofu. Aliyotueleza ndiyo tunayowapa leo.

Giaboksi ya namna hii huitwa haidrostatiki. Haina gia za kubadilisha kama za gari. Mkanda utokao kwenye injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, na mafuta hayo huzungusha mota iendeshayo magurudumu. Ukikanyaga pedeli, unabadilisha mwinamo wa sahani iliyomo ndani ya pampu, na kwa mwinamo huo mafuta hupita mengi au machache, kwenda mbele au kurudi nyuma. Basi nguvu yote imebebwa na mafuta. Yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi mno, yakavuja ndani kwa ndani kando ya pistoni, na mashine ikalegea. Ndiyo maana huamka nzima ikafika adhuhuri ni mgonjwa.

Mzee alianza na yaliyo rahisi. Kwanza mkanda, kwani ukilegea au ukilika huteleza, na dalili zake hufanana na za giaboksi iliyochoka. Huo ulikuwa salama. Pili akatazama mapezi ya kupozea na feni iliyo juu ya giaboksi, na hapo akaguna. Nyasi kavu, mchanga na vumbi vilikuwa vimeshikamana kama kiota, hewa haina pa kupita. Alivitoa kwa brashi, wala hakutumia maji ya shinikizo. Tatu, mafuta yalikuwa meusi na yamepungua. Aliyabadilisha pamoja na filta, kwa aina iliyoandikwa katika kitabu cha mashine. Zipo zinazotumia 20W-50 na zipo zinazotaka nyingine. Kukisia hapa ni hasara.

Mwisho akatoa hewa. Alizuia magurudumu ya mbele, akayainua ya nyuma na kuyategemeza imara, visu vikiwa vimezimwa. Akafungua kishikio cha kuachia giaboksi, na injini ikinguruma taratibu akasukuma pedeli mbele na nyuma, polepole, mara 5 au 6. Kisha akakifunga kishikio na kurudia. Hewa ikibaki ndani, giaboksi hulia na kukosa nguvu.

Kijana alilipa mafuta, filta na ujira. Giaboksi ni ile ile, na sasa inapanda mwinuko jua la utosi. Hatusemi kila giaboksi hupona hivyo. Iliyokwisha kulika ndani haiponywi na mafuta mapya. Lakini ni wangapi wametupa iliyokuwa na uchafu tu?

Mzee alimwachia wasia: asafishe mapezi kila jioni mashine ikishapoa, asivutie mizigo mizito, ikizimika njiani, asiisukume kabla ya kufungua kile kishikio, na aandike saa za kazi ili ajue zamu ya mafuta.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nanyi wazazi mliowanunulia vijana wenu vyombo vya kazi, waulizeni jioni kama wamevisafisha. Kilichouziwa bangili za mama kisife kwa nyasi kavu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.