MAWAIDHA YA NYUMBANI: Kuvu na Unyevu Wakati wa Masika

Masika yanapowadia, tangu mwezi wa Machi hata Mei, kila mkulima hushukuru, maana pasipo mvua hapana chakula. Lakini mvua ile ile iletayo chakula shambani yaweza kukiharibu nyumbani. Basi juma hili yafaa tuzungumze habari za kuvu, ule uchafu mweusi au wa kijani uotao ukutani, katika nguo, na hata ndani ya magunia ya mahindi.

Wako wanaodhani kuwa kuvu ni aibu ya nyumba tu, jambo la kufutwa kwa kitambaa mgeni anapobisha hodi. Sivyo. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haikutiwa na adui, bali ilizaliwa na kuvu katika mahindi yaliyowekwa na maji yake. Wachunguzi walipolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za watu wazima wa afya, waliona kuwa hatari ilizidi sana kwa wale walioweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Tena mtu asijidanganye akisema, "Nitayaosha, kisha nitayapika sana." Sumu hii haiishi kwa kuchemshwa. Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe, yasipikiwe pombe, wala wasipewe kuku au ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hata katika maziwa.

Sasa tutazame nyumba yenyewe. Maji huingia kwa njia tatu: juu, chini na ndani.

Juu ni paa. Kabla mvua hazijaanza, panda ukakague misumari iliyolegea, mabati yenye kutu, au makuti na nyasi zilizooza. Safisha mifereji ya paa, maana mfereji ulioziba humwaga maji yote ukutani.

Chini ni udongo. Mawe na matofali hunyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta. Ajengaye nyumba mpya na atandike karatasi ya lami juu ya msingi kabla ya kuinua kuta, na sakafu iwe juu kuliko uwanja. Mwenye nyumba ya zamani na aondoe udongo uliolundikana ukutani, kisha achimbe mtaro wa kupeleka maji mbali.

Ndani ni sisi wenyewe. Mvuke wa sufuria, nguo mbichi zilizoanikwa chumbani, hata pumzi za watu wengi waliolala pamoja, vyote hugeuka maji juu ya ukuta wa baridi. Dawa yake ni hewa. Mvua ikikatika, fungua madirisha, wala usizibe matundu ya hewa kwa magazeti. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa ili kukausha kuta, kwa sababu hewa yake huua watu usingizini.

Kuvu ikiisha kuota ukutani, kwanza zuia maji yanakotoka, ndipo uoshe kwa sabuni na kuacha ukuta ukauke. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye maji ni sawa na kufunika kidonda kichafu kwa kitambaa cheupe. Mwenye pumu asipewe kazi hiyo, wala asilale katika chumba hicho.

Kwa habari ya mahindi, yaanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kuyapima ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, kisha mahindi hata theluthi ya chupa. Funga, utikise kwa dakika kadha, halafu uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji, yarudishe juani. Isipogandama, yaweke katika ghala iliyoinuliwa juu ya nguzo, ipitayo upepo. Ikiwa hofu ya wezi yakulazimisha kuyaweka ndani, hakikisha kwanza yamekauka, kisha panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kila juma uyachungulie.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ulioanguka hujengwa tena kwa fedha na jasho, lakini mtoto aliyekula sumu hatuna fundi wa kumjenga upya. Basi kila mwenye nyumba na atazame paa lake na magunia yake mapema, kabla mawingu hayajakusanyika.