"Silaha Duni": Jibu Linalopata Alama na Kuficha Historia

Kidato cha Pili, shule moja ya kata mkoani Singida. Nilikuwa BTP, wiki ya tatu, na ubaoni nilikuwa nimeandika swali ambalo kila aliyesoma historia nchi hii amewahi kulijibu: kwa nini jamii zetu zilishindwa kuwazuia wakoloni? Mikono ikanyooka. "Silaha duni, mwalimu!" Nikaweka vyema. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema Mirambo alikuwa na bunduki na baruti. Sasa huo uduni umetoka wapi?"

Nikamwambia, "Swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho." Wenzangu wa elimu mnaijua hiyo janja. Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na nimefika mahali ambapo naona sisi tunaokwenda kuwa walimu lazima tuliseme wazi: baruti haikubadilisha vita kwa sababu tu iliua zaidi ya mkuki. Ilibadilisha vita kwa sababu ilimfanya anayepigana amtegemee anayemuuzia. Tukiacha sehemu hiyo na kubaki na maneno mawili, "silaha duni", mtoto anaondoka darasani akiamini kuwa babu zake ndio waliokuwa duni.

Tuanze na kitu chenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: makaa ya miti, salfa, na chumvi iitwayo shura, ambayo huchukua kama asilimia 75 ya mchanganyiko wote. Wachina waliijua tangu karne ya 9. Ilipofika kwenye mizinga, kuta zilizolinda miji kwa mamia ya miaka zikaanza kubomoka. Mwaka 1453 Waturuki waliingia Constantinople baada ya kuzipiga kuta zake kwa mizinga. Kuanzia hapo nguvu ya mtawala haikupimwa kwa idadi ya wapiganaji pekee. Ilipimwa pia kwa ghala lake.

Sasa rudi kwetu. Mkuki ulitengenezwa na mhunzi wa karibu, kwa chuma na moto wa hapa hapa. Ukivunjika, unarudi kwa mhunzi yule yule. Gobore halikuwa hivyo. Lenyewe na baruti yake vilitoka ng'ambo, vikashushwa pwani, vikabebwa vichwani na wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo na kupita Kilimatinde, ambayo leo iko Manyoni, mkoa wetu huu huu. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani; nguo, shanga, magobore na baruti vilipanda bara. Maana yake ni kwamba mtawala aliyetaka kupigana kwa baruti alihitaji kwanza pembe, au watu wa kuuza, na alihitaji njia iwe wazi. Baruti ilileta vita, na vita ikaleta mateka wa kununulia baruti nyingine.

Mirambo aliuelewa mchezo huo kuliko wengi. Mwaka 1871 alipambana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, na Stanley, ambaye alijiunga nao kwa muda, akaonja mwenyewe ladha ya kukimbia. Lakini Mirambo hakushinda kwa gobore tu. Gobore ni silaha ya taabu: unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unaweka risasi, unashindilia tena, na mvua ikinyesha umekwisha. Mirambo alishinda kwa mwendo wa haraka, kwa kuvizia na kwa vijana wake, rugaruga, waliotumia mkuki na bunduki pamoja. Na vita ile kiini chake kilikuwa nani aitawale njia ya biashara.

Mkwawa naye alitoa somo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wengi wao wakiwa na mikuki waliuangamiza msafara wa Zelewski uliokuwa na bunduki za kisasa na bombomu, wakateka bunduki kama 300. Kama silaha duni ndiyo sababu ya kushindwa, Lugalo tunaiwekaje? Jibu ni kwamba bunduki ndani ya msafara uliojitandaza njiani, ukishambuliwa ghafla kutoka vichakani, haina maana kubwa. Lakini miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilianguka. Unaweza kuteka bunduki 300. Huwezi kuteka kiwanda cha kuzitengenezea risasi.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la yule kijana. Kati ya gobore la Mirambo na bunduki ya Mjerumani, baruti haikutofautiana sana. Mpaka mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Kijerumani hapa nchini bado walibeba bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zenye baruti ile ile nyeusi, ambazo zikifyatuliwa zinatoa moshi na kukuonyesha ulipo. Kilichobadilika ni kuwa baruti ilikuwa imefungwa ndani ya ganda la shaba pamoja na risasi na fataki yake. Gobore unaweza kulilisha baruti ya kwenye pembe na hata risasi ya kuokoteza. Bunduki ya ganda inakula chakula cha kiwandani tu.

Na mlango wa dukani ukafungwa. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake yakazuia kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu ilikuwa nzuri, sipingi. Lakini waliozuiwa ni sisi, na walioandika mkataba waliendelea kushusha bombomu bandarini. Isike wa Unyanyembe alihimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893, alipoona ngome yake Tabora inaingiwa, alijilipua ndani ya ghala lake la baruti.

Najua mtu atasema: "Acha maneno mengi, bombomu ni bombomu." Ni kweli. Sitamdanganya mwanafunzi kwamba ushujaa unazuia risasi. Lakini hata bombomu haimalizi maelezo. Katika Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliokufa wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya maghala na mashamba yao kuchomwa. Na wengi walioshika bunduki za Mjerumani walikuwa Waafrika wenzetu. Hayo yote hayaingii kwenye "silaha duni".

Hapa Singida tuna mfano wetu. Tunajaza Uwanja wa Liti kuangalia mpira, lakini uliza jukwaani Liti ni nani. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja kuwa mwanamke aliyewaongoza watu kuwapinga Wajerumani, na kwamba aliwatumia nyuki. Darasani niliposema hivyo watoto walicheka, na mimi nikacheka nao. Leo najuta. Simulizi ile inauliza swali zito: kama baruti iko mikononi mwa adui na njia ya kuinunua imefungwa, unapigana na nini? Unapigana na kilicho chako. Mahali hapa tunafuga nyuki mpaka leo. Asali ya Singida inajulikana nchi nzima. Maji ya Kinjeketile nayo yalikuwa jibu la swali hilo hilo. Unaweza kusema jibu halikutosha. Huwezi kusema waliolitoa hawakufikiri.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanachuo wenzangu mnaokwenda BTP mwaka huu si kubwa. Msifute "silaha duni" ubaoni, maana mtihani utaitaka. Ongezeni maswali matatu chini yake: nani aliitengeneza, nani aliiuza, nani aliifunga njia? Mtoto akiyazoea maswali hayo kwenye baruti, atayauliza pia kwenye mbolea, dawa na simu anayoishika.

Kipindi kilichofuata nilimweleza yule kijana, kwa kirefu, karibu nimalize muda wote. Akasikiliza vizuri, kisha akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, kwenye mtihani niandike nini?"

Nikamwambia aandike silaha duni, kisha aongeze sentensi moja: kwa sababu tulinunua baruti bila kumiliki kiwanda wala njia. Sijui kama msahihishaji atampa alama ya sentensi hiyo ya pili. Msahihishaji wa miaka ijayo ni wewe unayesoma hapa.